Uzoefu wangu: bodi mpya waliifunga vizuri, ya zamani wakaikata nyaya zote

Nyaya tisa za dikoda yangu, ile bodi ndogo ya umeme inayokaa ndani ya kichwa cha treni ya mfano, zilirudi zimekatwa kwenye shina, bila hata kipande cha kushikia. Haikuwa bahati mbaya. Aliyekata alipita safu nzima na koleo kali, kisha plastiki iliyofunika bodi akaipasua kwa kisu mpaka akaacha mchirizi kwenye shaba. Nimekaa wiki kadhaa nikidhani hasira itapoa ndipo niandike kwa utulivu. Haijapoa.

Ninazungumzia karakana inayotengeneza treni ndogo za umeme kwa njia ya posta. Unatuma kichwa cha treni, wanakagua, wanakupigia, mkikubaliana wanatengeneza na kurudisha. Niliwatumia kichwa cha dizeli cha kipimo cha HO (uwiano wa 1 kwa 87), cha zamani kidogo, kilichotoa harufu ya kuungua kikiwa kwenye kona na kugoma. Ndani ya boksi niliweka karatasi yenye maelezo yaliyo wazi: mwendo ukiwa sifuri, taa zinawaka na kuzimika ninavyotaka. Nikifungua mwendo tu, mashine ya kuendeshea inakata umeme wa reli yote.

Anayezifahamu bodi hizi anajua maana yake. Dikoda ina kazi mbili zinazokaa jirani. Upande mmoja unapokea amri za DCC, yaani amri za kidijitali za kuendeshea treni, kutoka kwenye reli na kuwasha taa. Upande mwingine ni transista nne, yaani swichi ndogo za kielektroniki, zinazolisha mota na kuigeuza mbele au nyuma. Taa zikitii amri, bodi haijafa. Kilichoungua ni upande wa mota, na mara nyingi ni transista moja tu. Karatasi ile ilikuwa imewafanyia nusu ya kazi.

Dada wa mapokezi aliyenipigia alikuwa muungwana kabisa, sina neno naye. Aliniambia bodi inabadilishwa, nikakubali, nikaomba ile ya zamani irudi pamoja na kichwa, na nyaya zake. Akasema amuulize fundi mkuu. Fundi akachukua simu mwenyewe.

"Mzee, hiyo ni takataka. Unaitaka ya nini?"

Nikamjibu kwa heshima, "Fundi, taa zake zinawaka. Nitaitumia kwa kazi nyingine."

"Wewe ndiye fundi au mimi?" Akakata simu.

Simu haikukatika yenyewe. Aliikata yeye, huku nikiwa bado natamka shukrani. Boksi liliporudi, bodi ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, imenyolewa nyaya zote. Mtu aliyeambiwa kwamba bodi itatumika tena, na aliyeombwa nyaya zisiguswe, anakata kwenye shina kwa sababu gani? Wangeweza kuzikata katikati, kila upande ukabaki na urefu wa kutosha. Wangeweza kuyeyusha lehemu na kuzitoa moja moja. Nimelifikiria kila namna na sipati sababu nyingine isipokuwa kiburi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi waliyofanya kwenye kichwa chenyewe ni nzuri mno. Waligundua chanzo cha maafa, jambo ambalo mafundi wengi hawalitafuti: kifuniko cha plastiki kinachotenga brashi moja ya mota (kipande kinachopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka) na fremu ya chuma kilikuwa kimepasuka. Kwenye vichwa vingi vya zamani fremu hubeba umeme wa reli moja kwa moja. Brashi ikiigusa, umeme huo unaingia kwenye mota kwa mlango wa nyuma na kuchoma transista. Ukifunga bodi mpya bila kulirekebisha hilo, nayo inaungua siku hiyohiyo. Wao walitenga brashi upya, wakapanga nyaya chini ya utepe wa kuhimili joto, wakarekebisha mwendo wa kuanzia. Sasa kichwa kinatambaa kutoka kituoni polepole hivi kwamba unaweza kuhesabu mageuzo ya magurudumu. Kwa kazi hiyo peke yake ningewapa nyota tano bila kusita.

Lakini bodi yangu!

Niliiweka chini ya kioo cha kukuzia. Kati ya chipu mbili za miguu minane zinazolisha mota, moja ilikuwa na shimo la kuungua, pana kama kichwa cha pini, katikati ya namba zake. Niliweka mita ya kupimia ukinzani kati ya kituo (kidoa cha shaba cha kulehemea waya) cha waya wa rangi ya chungwa, ambao ni wa mota, na upande hasi wa bodi. Ilisoma karibu na sifuri, yaani umeme ulikuwa unapita bila kizuizi. Ugonjwa wote ulikuwa hapo. Namba ya chipu haikusomeka, kwa hiyo sikuweza kuagiza nyingine kwa uhakika. Niliing'oa nikaacha mahali pake wazi. Bodi isiyo na mota bado ni bodi ya taa, na behewa langu la mwisho lilikuwa limengoja taa kwa muda mrefu.

Kilichopaswa kuwa kazi fupi ya jioni kikawa adhabu, kwa sababu ya lile koleo. Vituo vya nyaya vimepangana karibu sana, nafasi kati yao haifiki milimita moja, na waya uliokatwa sawasawa na bodi hauna pa kuushika wakati lehemu inayeyuka. Mwekundu na mweusi, yaani nyaya za reli, zilishika. Mweupe na wa kijani pia. Wa buluu, ambao ni chanya ya pamoja ya taa zote, ulibanduka na shaba yake. Walikuwa wamekata kwa kuvuta, na kituo kilikuwa kimeshalegea. Ilinibidi nifuate njia ya umeme hadi kwenye diodi na kulehemu waya mpya kwenye ule upande wenye mstari. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa hasira na nililazimika kupumzika kwanza.

Sikuiweka relini moja kwa moja. Niliunganisha balbu ya volti 12 kwenye waya wa reli, ili kama bado kuna mahali panapogusana, balbu iwake kwa nguvu na kuzuia umeme usiiunguze bodi. Haikuwaka. Niliandika 8 kwenye CV 8 (CV ni nafasi ya kuhifadhi mpangilio ndani ya dikoda), jambo ambalo kwa dikoda nyingi hurudisha mipangilio ya kiwandani, na bodi ikatii amri kwa anwani 3, yaani namba ambayo mashine hutumia kuiita. Kuibadilisha anwani kulitaka moyo: bodi hujibu mashine kwa kuvuta umeme wa ghafla, miliampia 60 hivi kwa muda wa kama milisekunde 6, na kwa kawaida huvuta kupitia mota. Mota haipo, jibu halipo. Mashine ilionyesha kosa kila mara, lakini namba iliingia. Behewa sasa lina anwani ileile ya kichwa, hivyo vinapokea amri kwa pamoja.

Taa nyekundu za mkia nimezifunga kwenye waya mweupe, kila moja na rezista ya kiloomu moja. Waya mweupe ni wa taa ya mbele, huwaka treni inapokwenda mbele, na hapo ndipo mkia wa treni unatakiwa kuwa mwekundu. Taa za ndani ziko kwenye waya wa kijani, unaowashwa kwa kitufe cha F1. Zinacheza kidogo kwenye viungo vya reli. Kapasita ya mikrofaradi 220, ya volti 25, itamaliza hilo.

Hiyo ndiyo takataka ya fundi mkuu! Inafanya kazi kila ninapoendesha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota tatu: kazi nzuri, ulimi mbaya. Nilipofika kwenye waya wa buluu nikashuka hadi moja. Nikisema kweli, nikiwa na kichwa kingine chenye ugonjwa wa mota ningekitazama mara mbili kabla ya kukipeleka kwingine, maana mikono ile inajua kazi, na karakana zinazotafuta chanzo badala ya kubadilisha bodi tu ni chache. Hilo nalo linanikera zaidi. Anayejua kiasi kile anajua pia kwamba bodi yenye nusu hai ina kazi, na aliikata makusudi.

Nyota mbili. Mkiwatumia kichwa, ongeeni na yule dada tu, na kabla hamjalipa mpate kwa maandishi kwamba bodi ya zamani itarudi na nyaya zake. Msikubali ahadi ya simu. Na kama fundi mkuu atasoma hapa: ile plastiki uliyoipasua kwa kisu nimeibadilisha, lakini nyaya tisa na kile kituo cha buluu bado ninakudai.