Bima ya mazishi kwa mzee mwenye sukari hapa Marekani: tuliyomkatia mama, mazuri na mabaya yake

Kwenye magrupu yetu swali hili linarudi kila mara, mzazi ana sukari, je anaweza kupata bima ya mazishi hapa Marekani, na majibu mengi yanakatisha tamaa, eti hawamchukui, au wakimchukua lazima asubiri miaka miwili ndo ianze kufanya kazi. Sisi tuko Houston, mama ana sukari ya siku nyingi na insulini anachoma, na amepata bima inayolipa hela yote kuanzia siku ya kwanza. Ndo maana nimeamua kuandika kwa kirefu, kwa sababu naona watu wanauziwa kitu kibaya kwa bei kubwa na hawajui kama kulikuwa na kingine.

Mama ana miaka 66, ana grinkadi, anakaa na sisi. Sukari yake ni ile ya aina ya pili, metformin (vidonge vya sukari) anameza miaka na miaka, insulini alianza akiwa na 58. Macho anapimwa kila mwaka, figo ziko salama, miguu haijawahi kutoka kidonda kikubwa, A1C, kile kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi mitatu, ya mwisho ilikuwa 7.4. Ni mtu wa Marangu, na kwa Mchaga hakuna mjadala, anataka alale kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, pembeni ya baba. Hilo ameshalisema mbele ya watoto wote na mimi siwezi kulipindisha. Sasa anayejua gharama za kusafirisha mwili kutoka Texas mpaka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, anajua maana yake, kuna kuhifadhi mwili kwa dawa, jeneza la kusafiria, vibali, makaratasi ya ubalozi Washington, mzigo wa ndege unaolipiwa kwa kilo, na hapo hujagusa tiketi za wanaosindikiza wala shughuli yenyewe nyumbani.

Hata ukizika hapahapa si rahisi. Chama cha wenye kampuni za mazishi hapa, NFDA, walitoa takwimu za mwaka 2023, mazishi ya kawaida yenye kuaga na kuzika ni dola 8,300 kwa kadirio la katikati, na hiyo hela ya kiwanja cha makaburi haimo. Watu wanafikiri Social Security itasaidia, jamani Social Security wanatoa dola 255 mara moja tu, na wanampa mume au mke aliyebaki, au mtoto kama anastahili kwa masharti yao. Kinachobaki ni michango. Mimi nimechanga misiba mingi sana hapa Houston na nitaendelea kuchanga, ila nimeona pia familia iliyokaa na mwili wiki nzima na zaidi inasubiri hela zitimie huku watoto wanapiga simu majimbo yote, na sitaki mdogo wangu apite hapo.

Haya, bima yenyewe. Hizi za mazishi hapa ni bima ya maisha ndogo, wengi wanakata kati ya dola 5,000 na 25,000, haina kwenda kupimwa damu wala mkojo, ada haipandi na bima haiishi muda ilimradi unalipa. Mhusika akifariki hela anapewa yule mliyemwandika, kesh, na anaweza kuzitumia kuzika Houston au Marangu, kampuni haimpangii. Kwetu hilo lilikuwa muhimu kuliko yote, kwa sababu kuna mipango mingine unalipia moja kwa moja kwenye kampuni ya mazishi, ile imeshikamana na hiyo kampuni na huduma zake za hapa.

Sasa sehemu ambayo mwenye sukari anapigwa ni hapa, sikilizeni vizuri. Ziko aina tatu. Ya kwanza inalipa yote kuanzia siku ya kwanza, hii wanakuuliza maswali ya afya. Ya pili inalipa kwa ngazi, mwaka wa kwanza labda asilimia 30 au 40, mwaka wa pili 70 hivi, baada ya hapo yote, hii nayo ina maswali ila ni mepesi zaidi. Ya tatu inamchukua kila mtu mwenye umri unaotakiwa bila swali lolote, lakini miaka miwili ya kwanza akifa kwa ugonjwa hampati hela yote ya bima, mnarudishiwa mlicholipa na nyongeza kidogo, mara nyingi asilimia 10, akifa kwa ajali ndo wanalipa yote. Kwenye makaratasi angalieni kama imeandikwa "guaranteed issue", hiyo ndo ya tatu.

Ajenti wa kwanza aliyetupigia alitaka kutuingiza kwenye hiyo ya tatu. Kusikia neno sukari tu akasema hakuna kampuni nchi hii itakayompa mama ya siku ya kwanza, dola 68 kwa mwezi kwa bima ya 10,000, na akawa anaharakisha, leo leo, nipe namba ya benki. Hakuuliza anatumia dawa gani, hakuuliza alianza lini, hakuuliza chochote kuhusu macho wala figo. Nilivyombana akasema wenye sukari wote ni kundi moja. Huo ni uongo na uliniumiza, kwa sababu aliyekuwa anaongea naye kabla yangu ni mama mwenyewe, Kingereza chake cha kuombea maji, angesaini. Piga hesabu, angelipa miezi 18 halafu Mungu akamchukua, ni dola 1,224 tumelipa, tunarudishiwa 1,346 badala ya 10,000. Kwa mtu anayetakiwa kurudi Marangu hiyo ni kama hamna.

Tukaenda kwa ajenti mwingine, huyu anauza za makampuni mengi sio moja, na tofauti ilionekana dakika ya kwanza kwa maswali tu. Aligunduliwa sukari na miaka mingapi? Insulini alianza kabla ya 50 au baada? Anachoma yuniti ngapi kwa siku? Amewahi kuzimia kwa sukari kushuka au kupanda miaka miwili iliyopita? Miguu kufa ganzi, macho kuharibika kwa sukari, figo, kukatwa kidole au mguu? Akatuelezea kwamba makampuni hayafanani kabisa, ipo inayokataa insulini yoyote, ipo inayokubali kama ilianza baada ya 50, ipo isiyojali insulini ila inajali madhara, na ipo inayosema mwenye sukari ukiongeza na historia ya stroku au moyo basi hapana. Kwa hiyo mama yuleyule kampuni hii inamwambia hapana na ya jirani inamwambia karibu. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa metformin peke yake na hana madhara yoyote, yeye ndo kabisa, asikubali mtu amwambie hakuna ya siku ya kwanza.

Na semeni ukweli, tafadhali sana. Hawapimi damu lakini wanaangalia dawa ulizochukua famasi miaka ya nyuma, majibu yanatoka palepale ukiwa kwenye simu, na kuna daftari la pamoja la makampuni linaitwa MIB ambapo wanaona kama ulishaomba bima kwingine na mambo ya afya yaliyojitokeza huko. Halafu hata bima ikishatoka, miaka miwili ya mwanzo mtu akifariki kampuni ina haki ya kufukua faili lake la hospitali, wakikuta mlificha jambo zito wanakataa kulipa, wanawarudishia ada zenu basi. Nasikia watu wanashauriana eti usiseme insulini, jamani hiyo ni kuwaachia watoto msiba juu ya msiba.

Kwetu kilitokea kimoja kidogo. Mama aliwahi kuandikiwa gabapentin kwa ajili ya mgongo, na hiyo dawa mwenye sukari akiwa nayo makampuni yanasoma kwamba mishipa ya fahamu ya miguu imeshaharibika. Ajenti aliiona kwenye orodha ya dawa kabla hatujaomba akatuambia swali litakuja, na kweli lilikuja, mama akaeleza ni mgongo, alianguka bafuni, alitumia miezi kadhaa akaacha, wakaandika wakakubali. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu kaeni na chupa zote za dawa mezani na mjue kila moja ni ya nini na nani aliiandika.

Tukapata bima ya 10,000, siku ya kwanza, dola 52 kwa mwezi. Yaani bora zaidi na rahisi zaidi kuliko ile ya yule wa kwanza. Karatasi zilifika kwa posta na tulikuwa na siku 30 za kuzisoma na kurudisha kama hatujapenda, nikasoma yote, yale majibu ya afya yameambatanishwa nyuma, nikahakikisha yameandikwa kama mama alivyosema. Fanyeni hivyo na nyinyi, kwa sababu ajenti anaweza kukosea akaandika hapana pale mlipojibu ndiyo, na siku ya kudai malipo hakuna atakayekumbuka.

Kilichoniudhi kwenye kampuni tuliyochukua ni lile simu la mahojiano. Mama anataka Kiswahili, mimi hawakuniruhusu kumtafsiria kwa sababu ndo nitakayelipwa, hilo naelewa, lakini mkalimani waliyemleta simu ilikuwa inakatika kila saa, na maneno ya kitabibu yalimshinda, akamuuliza mama kama ana "ugonjwa wa mishipa" na mama akajibu ndiyo maana anajua presha ni mishipa! Ikabidi tuombe warudie swali taratibu. Mahojiano kama yale neno moja linaweza kumhamisha mtu kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, na wazee wetu wanaozungumza Kiswahili ni wengi saivi, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, wangeweka watu wanaojua kazi. Kingine ni makato ya benki, walitaka kukata tarehe 1 wakati sisi hela inaingia tarehe 5, tukabadilisha kwa kupiga simu mbili tatu. Hili sio dogo, bima hizi ada isipolipwa mnapewa karibu mwezi mmoja tu, zaidi ya hapo inakufa, na kuomba upya ni kwa umri mpya na afya mpya.

Elfu kumi hazitatosha kila kitu, hilo nalijua. Ila mwili utasafiri bila kumsubiri mtu, na michango ya watu ifanye kazi za nyumbani. Kuna jambo pia niliuliza na nikafurahi, malipo yakichelewa kampuni nyingi za mazishi zinakubali usaini kuwakabidhi sehemu ya hela ya bima, wanaanza kazi halafu bima inawalipa wao na kinachobaki kinakuja kwako. Ulizeni kwanza kama wanakubali hivyo, na ombeni orodha ya bei, sheria ya hapa tangu 1984 inawalazimisha kukupa.

Nani hii haimfai? Mzee aliye kwenye SSI, ile hela ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, awe makini, bima zake zikizidi dola 1,500 kwa jumla basi ile akiba inayojijenga ndani ya bima inahesabiwa kuwa mali yake, na kikomo cha mali kwa mtu mmoja ni dola 2,000, aongee kwanza na wanaomshughulikia. Aliyekuja kutembea kwa viza, kote tulikoulizia hawakumkubali. Na aliye kwenye dayalisisi au aliyekatwa mguu kwa sukari, huyo kwa kweli mara nyingi anabaki na ya tatu. Hapo sisemi asikate, nasema akate mapema ili miaka miwili ianze kuhesabika, na linganisheni bei. Yale matangazo ya TV ya Colonial Penn ya dola 9.95 ni ya aina hiyo ya tatu, na ile 9.95 ni bei ya yuniti moja, yaani kipande kimoja cha bima, thamani ya yuniti inapungua kadri umri wa kujiunga unavyokuwa mkubwa, kwa hiyo mzee wa 70 atahitaji yuniti nyingi kufika hata elfu kumi. Ulizeni jumla, msiulize yuniti.

Kampuni tuliyochukua nawapa nyota nne kati ya tano, moja nimetoa kwa ajili ya ile simu. Ajenti wa pili nampa tano zote.

Kama kuna ambaye alishadai malipo ya bima ya aina hii na kumsafirisha mzazi Tanzania au Kenya, naomba atuambie hela zilichukua siku ngapi kutoka na walidai makaratasi gani, maana cheti cha kifo hapa Texas peke yake kina foleni yake, na nataka nijue ni nakala ngapi za kuomba.