Nati ya shaba yenye mpasuo: je, inaondoa pleyi ya meza?

Habari zenu, watazamaji wangu. Ukubwa wa mashine yangu ya kuchongea chuma na nguvu ya mota yake mmekwisha kuvizoea, kwa hiyo leo nakwenda moja kwa moja kwenye kipande hiki kidogo cha shaba, ambacho kilinifurahisha kwa siku tatu na kuniudhi siku ya nne.

Ugonjwa wenyewe ni pleyi, yaani ile nafasi iliyomo kati ya nyuzi za parafujo inayosogeza meza na nyuzi za nati yake, inayofanya mkono wa kuizungushia parafujo uzunguke bure kila ugeuzapo mwelekeo. Ukiisukuma kazi ikabiliane na meno ya kikatio, nafasi hiyo haikusumbui sana. Lakini ukiipeleka upande uleule yanakokwenda meno, kikatio huinyakua meza na kuivuta ghafla, na ndivyo nilivyovunja kikatio cha milimita 6 mwezi uliopita.

Itazameni geji ya saa, kipimo cha sindano kinachoonyesha meza inaposogea hata kidogo. Nimezungusha mkono kuelekea kulia mpaka meza ikasogea, nikaweka sindano kwenye sifuri, na sasa narudi kushoto huku nikihesabu: alama 18 za kwenye mkono zimepita kabla sindano haijatikisika. Kila alama ni milimita 0.02, kwa hiyo pleyi ni milimita 0.36. Hata hivyo msikimbilie kuilaumu nati, kwa maana nilipoiegemeza geji kwenye ncha ya parafujo na kuisukuma meza kwa mkono, parafujo nzima ilikwenda na kurudi milimita 0.10. Hiyo ilikuwa beringi iliyolegea, na kuikaza hakukunigharimu hata senti.

Milimita 0.26 zilizobaki ndizo kazi ya nati hii. Imepasuliwa kwa msumeno karibu na katikati, na ukikaza bolti hii, nusu moja hubana upande mmoja wa nyuzi za parafujo na nusu ya pili hubana upande wa pili. Nakaza robo mzunguko, napima: alama 7. Nakaza tena kidogo: alama 2! Lakini sasa naipeleka meza mwishoni, na mkono unagoma kuzunguka, kwa sababu parafujo imelika katikati, mahali ninapofanyia kazi kila siku, ilhali ncha zake bado ni nene kama zilivyotoka kiwandani. Basi nalegeza hadi meza ipite pote bila kukwama, nami naridhika na alama 4, yaani milimita 0.08.

Kilichoniudhi ni kwamba bolti hiyo haina nati ya kuifungia, nayo siku ya nne ilikuwa imelegezwa na mtikisiko. Nimeipaka gundi ya nyuzi. Wapo wanaosifu parafujo za goroli, ambazo nati yake hutembea juu ya goroli, na kweli pleyi yake ni ndogo, ila bei yake ni mara kadhaa ya hii, tena huzunguka kwa wepesi kiasi kwamba usipofunga meza, kikatio chenyewe huweza kuisukuma. Kwa mashine ya mkono, nati hii inanitosha.

Video ya mhimili wa pili, yaani mwelekeo mwingine wa kusogeza meza, niliyowaahidi Jumamosi imeahirishwa. Parafujo yake ina nyuzi za kushoto, na muuzaji amenitumia nati ya nyuzi za kulia.