Uzoefu wangu na soko la kripto lililofilisika, kuanzia apu yenyewe mpaka fomu za madai

Habarini wadau. Jina la soko lenyewe, yani apu ya kununua, kuuza na kutunza sarafu za mtandaoni, sitalitaja, madai yangu bado yako mezani kwa mfilisi na sitaki kujiharibia, na hata ningelitaja apu yake imeshaondolewa hamna wa kuipakua. Ila namna linavyofanya kazi na namna linavyokufa ni ile ile kwa masoko mengi kwahiyo soma tu.

Mimi nina duka la vifaa vya simu Kabwe hapa Mbeya, kava, chaja, protekta, mzigo natoa Guangzhou kwa kuchangia kontena na wenzangu. Kulipa China kwa benki ni foleni, ada, na siku kadhaa za kusubiri hela ifike, wakati Wachina wengi wa vifaa vya simu ukiwaambia una USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, wanakutumia anwani ya waleti yao, yani pochi ya kripto, hapo hapo. Nikaanza 2021, mwaka ule wa tozo za miamala kama mnakumbuka, hela kubwa ulikuwa unakatwa mpaka elfu 10 kwa muamala mmoja. Pembeni nikawa nanunua na bitcoin kidogo kidogo kila mwezi ukienda vizuri, hiyo ilikuwa ya kiwanja Uyole. Mpaka soko linafungwa nilikuwa na USDT 2,400 za mzigo na bitcoin 0.12.

Ukweli usemwe, kama ningeandika haya kabla halijafa ningelipa nyota 5 bila kufikiria. Apu nyepesi, simu yangu ya Tecno yenye uwezo mdogo ilikuwa inaifungua chapu, kujisajili ni picha ya leseni ya udereva na selfi basi. P2P, yani kununua mtu kwa mtu, ndo ilikuwa tamu zaidi, unachagua muuzaji, unamtumia kwa M-Pesa, soko linashikilia USDT zake mpaka athibitishe hela imeingia ndo zinaachiwa kuja kwako, hamna cha kufukuzana na mtu. Kutoa USDT kwa njia ya TRC20, moja ya njia za kuzituma, ilikuwa kama dola 1 tu. Kastama kea usiku wa manane wanajibu, tena kwa adabu kuliko ofisi nyingi za hapa mjini.

Sasa ukiingia Plei Stoo kusoma maoni ya watu kwenye apu za namna hii utakuta wote wanasifia hayo hayo, spidi, ada, rangi, msaada wa haraka. Hayo yote ni mambo ya kwenye kioo. Hela yenyewe iko wapi kioo hakionyeshi na hamna kitufe cha kukuonyesha. Ukituma sarafu zako sokoni zinaingia kwenye waleti za soko, zinachanganywa na za wengine, halafu wanakuandikia mstari kwenye seva yao kwamba fulani tunamdai, samahani, fulani anatudai kiasi hiki. Hilo ndo salio. Ukinunua bitcoin humo ndani mara nyingi hata kwenye blokcheni, lile daftari la wazi la miamala ya kripto, hakuna kilichotembea, ni mstari tu umebadilika.

FTX, soko lingine kubwa la kripto, walisifiwa hivyo hivyo. Matangazo Marekani nzima, apu safi, na kumbe hela za wateja zilikuwa zinachotwa kwenda kwa kampuni dada yao Alameda, na sehemu kubwa ya mali ambayo Alameda walikuwa wanajivunia ilikuwa FTT, tokeni iliyotengenezwa na FTX wenyewe. Tarehe 2 Novemba 2022 CoinDesk, gazeti la mtandaoni la kripto, wakaandika hilo, tarehe 6 bosi wa soko pinzani la Binance akasema anauza FTT zake, watu wakakimbilia kutoa, tarehe 11 wakaomba kufilisiwa mahakamani, pengo la hela za wateja karibu dola bilioni 8. Mwenye nalo Sam Bankman-Fried alikuja kufungwa miaka 25, Machi 2024.

La kwangu lilifuata wiki chache baadaye, wakati ule kila mtu anakimbia na masoko madogo yanakatika pumzi. Cha kwanza nilichoona ni maneno mekundu juu ya apu, utoaji umesitishwa kwa muda kupisha maboresho. Kununua bado kulikuwa kunaruhusiwa! Yani kuweka unaweza, kutoa huwezi, na kama kuna alama moja ya kuiogopa basi ni hiyo. Nikaandika kwa kastama kea, wale wale wenye adabu, nikajibiwa na roboti. Grupu lao la Telegram likafungwa kuchangia. Kilichoniuma kichwa zaidi ni kwamba salio liliendelea kuishi, bitcoin ikipanda duniani na langu linapanda, ikishuka linashuka, namba inapumua kabisa na nyuma yake hamna kitu. Mzigo wa Krismasi haukuja, supplaya nilimlipa baadae kwa hela ya mkopo wa saccos.

Kuna watu wakanicheka kwamba nimeliwa kama enzi za DECI. Hapana jamani. DECI ilikuwa upatu wa panda mbegu uvune, mimi sikupanda mbegu yoyote, sikualika mtu, hata ile sehemu yao ya kulaza sarafu upate riba sikuigusa, nilikuwa nahifadhi na kulipia mzigo. Na USDT zenyewe mpaka leo dola ni dola, bitcoin nayo Desemba 2024 ilivuka dola 100,000. Kilichokufa ni aliyepewa kushika.

Na hapa ndipo nawaambia watu vikoba vya mama zetu vimewazidi akili hawa jamaa wa kompyuta. Sanduku la kikundi cha mke wangu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu nyumba tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, kufungua ni mbele ya wote siku ya kikao na hela inahesabiwa kwa sauti. Linganisha na soko la QuadrigaCX la Kanada, bosi Gerald Cotten alifariki India Desemba 2018 na ikasemwa funguo za waleti alikuwa nazo yeye peke yake, wateja zaidi ya elfu 76 wakabaki wanatazamana. Wasimamizi wa masoko ya mitaji wa jimbo la Ontario walipochunguza, 2020 wakasema hata hizo funguo siyo kisa, jamaa alikuwa anachezea hela za wateja muda mrefu. Mtu mmoja, kufuli moja, hamna kikao.

Haya twende kwenye huduma ya pili ambayo hakuna anayeiandikia, yani madai. Hii naipa nyota 2.

Kwanza ujue wakishaingia kwenye ufilisi dai lako linapimwa kwa bei ya siku ile waliyoomba mahakamani. Bitcoin siku zile ilikuwa inacheza dola 17,000, kwahiyo 0.12 yangu ikaandikwa kama dola 2,000 na kidogo, ikafungwa hapo. Ilipofika 100,000 huko nje thamani ingekuwa 12,000, kwangu bado 2,000 na kidogo. Hata FTX walioanza kuwalipa wenye madai madogo Februari 2025 waliwalipa zaidi ya asilimia 100, magazeti yakaandika wamerudishiwa zote na riba juu, lakini ni zote za dola za Novemba 2022, mwenye bitcoin yake hakurudishiwa bitcoin. Mt. Gox ya Tokyo ndo ilikuwa tofauti, ilifungwa Februari 2014 na bitcoin kama 850,000 zikiwa hazionekani, wateja wakasubiri miaka 10, lakini malipo yalipoanza Julai 2024 wengi walipewa sarafu zenyewe sababu kesi ilihamishwa kutoka ufilisi kwenda utaratibu mwingine wa sheria za Japani. Hasara ya sarafu nyingi lakini hizo chache zilizorudi zilikuwa zimepanda ajabu.

Na kama sarafu ni zako au ni za soko inategemea kile kimkataba kirefu ambacho wote tunabonyeza nimekubali. Cryptopia ya New Zealand ilipokufa, mahakama 2020 ikasema sarafu zilikuwa amana, ni mali ya wateja, zigawiwe kwao. Celsius ya Marekani, Januari 2023 jaji akasema zilizowekwa kwenye akaunti za riba ni mali ya kampuni, wateja wakapange foleni na wadai wengine. Mimi sikuwa kwenye riba lakini mkataba wa soko langu ulikuwa umeandikwa kwamba wanaweza kutumia mali za mteja kwa shughuli zao, nikapangwa foleni.

Pili karatasi. Hii fomu imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuishi Mbeya. Wanataka uthibitisho wa makazi, bili ya umeme yenye jina lako. Umeme wetu ni LUKU, unanunua tokeni, bili inatoka wapi? Bili ya maji ina jina la mwenye nyumba. Leseni niliyojisajilia ilikuwa imeisha muda, NIDA nilikuwa na namba, kadi bado. Nikaenda serikali ya mtaa kwa mama mtendaji.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, barua ya nini, ya benki?"
"Ya kampuni mama, inanidai, yani naidai."
"Iko Mbeya hiyo kampuni?"
"Hapana mama, iko kisiwani huko nje."
"Na ofisi yao hapa?"
"Hawana."
Akanitazama, akagonga muhuri. "Mimi nitaandika unakaa mtaa huu maana nakujua, hayo mengine utayajua wewe na kisiwa chako."

Barua ni ya Kiswahili, ikabidi itafsiriwe Kiingereza, igongwe na wakili, ndo niipige picha nipakie, ikakataliwa sababu kona moja imekatika kwenye picha, nikarudia. Nilipata kadi ya NIDA katikati ya hayo mambo ndo ikapita. Kwahiyo mwenye hela kwenye soko lolote, tunza leo historia yako ya miamala kwenye faili, apu ikizimwa ile historia inakwenda nayo, mimi iliniokoa sababu nilikuwa nazipiga skrinshoti za mzigo kwa ajili ya hesabu za duka.

Tatu, ukishakuwa mdai wewe ni nyama. Meseji za WhatsApp na imeili zinaanza kuja, sisi ni mawakala wa kurudisha fedha, tumeziona sarafu zako, lipia ada ya kufungulia. Wengine wanajua mpaka kiasi unachodai. Hilo lilinishangaza mpaka nilipojua kwa FTX taarifa za wadai zilivuja Agosti 2023 kutoka kwa kampuni iliyokuwa inashughulikia madai. Mfilisi halisi hakuombi hela kwanza, na hakuombi yale maneno 12 ya siri ambayo ndo funguo ya waleti yako kamwe. Halafu kuna wanunuzi halali wa madai, wanakupa senti kadhaa kwa kila dola wanasubiri wao. Mwanzoni madai ya FTX yaliuzwa chini ya senti 20 kwa dola na waliouza wakaja kulia. Mimi nilikataa, na sijajua kama nitacheka maana soko langu halikuwa na mali kama ya FTX.

Malipo ya kwanza yaliingia mwaka jana kwenye akaunti ya dola, kama theluthi ya dai, benki za katikati zikakata zao njiani. Sikulalamika, nilishazika.

Watu wa huku wanauliza si ungeripoti BoT, yani Benki Kuu. BoT walishatangaza Novemba 2019 kwamba kripto siyo fedha halali hapa, sasa utamshtakia nani soko lisilo na leseni yao. Na tofauti inaonekana, wenzetu wa Njombe wanakumbuka Januari 2018 BoT ilipofuta leseni za benki 5 ikiwemo Njombe Community Bank kwa mtaji mdogo, iliuma lakini Bodi ya Bima ya Amana ilikuwepo, fidia mpaka milioni 1.5 kwa mteja, siku hizi imepanda mpaka milioni 7.5. Kwenye kripto TRA wameshaifahamu, kuna kodi ya zuio asilimia 3 kwa sheria ya fedha ya 2024, bima ndo hamna.

Bado naitumia USDT kulipia mzigo, sidanganyi. Nanunua P2P, zikiachiwa tu nazitoa kwenda kwa supplaya au kwenye waleti ya kwangu ambayo maneno yake yameandikwa karatasi mbili, moja iko kwa kaka yangu Tukuyu. Masoko siku hizi yanatoa kitu wanaita ushahidi wa akiba, kinaonyesha walichonacho, sawa, mimi nauliza na wanachodaiwa kiko wapi, kwenye kurasa nilizosoma hakipo.

Malipo ya pili mfilisi amesema yapo, tarehe hajataja. Mwenye swali la fomu au barua ya mtaa aniulize nitamsaidia bure. Wale wa kuniambia mnaweza kuzirudisha sarafu zangu kwa ada kidogo, msijisumbue, namba zenu ninazo nyingi tayari.