Moodle kwa kitivo cha elimu: inasaidia wapi, inakwamisha wapi

Mwalimu tarajali anafundishwa upimaji asubuhi, kisha jioni anapokea alama ya kazi yake bila maelezo. Hapo ameshafundishwa upimaji mara mbili, na somo la jioni ndilo atakaloondoka nalo. Ndiyo maana anayesimamia ufundishaji na ujifunzaji katika kitivo cha elimu anapaswa kuipima Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kwa swali moja: je, inamwezesha kuona alama zinavyopatikana kabla hazijamfikia mwanachuo?

Kwa sehemu kubwa inamwezesha. Programu hii iliyoasisiwa na Martin Dougiamas, toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2002, ni huria, kwa hiyo leseni hailipiwi. Gharama iko kwenye seva, mtaalamu wa kuitunza, na saa za wahadhiri. Kitivo kisipozitenga saa hizo, Moodle inageuka kabati la slaidi.

Kilicho bora kabisa ni rubriki (jedwali la vigezo na viwango vya alama) na hatua za usahihishaji, vikitumika pamoja. Rubriki inajengwa ndani ya zoezi lenyewe: vigezo kwa safu, viwango kwa nguzo, na msahihishaji anabofya kiwango na kuandika maoni mbele ya kila kigezo. Ila kuna mtego wa hesabu. Tuseme andalio la somo lina vigezo vinne, kila kimoja alama 1 hadi 4. Mwanachuo aliyepata 2 kila mahali ana 8 kati ya 16, nusu kamili. Lakini katika mipangilio ya rubriki kuna kisanduku kinachoamua kama alama ya chini kabisa ihesabiwe kama ilivyo au igeuzwe kuwa sifuri. Ikigeuzwa, mfumo unatoa 4 juu na 4 chini, inabaki 4 kwa 12, yaani asilimia 33. Kazi ni ileile, lakini mmoja amefaulu na mwingine ameanguka, kisa kisanduku. Dawa ni kuanzisha kila kigezo kwa kiwango cha 0, na kutumia rubriki moja ya kitivo badala ya kila mhadhiri kujenga yake.

Hatua za usahihishaji ni sita, kuanzia haijasahihishwa hadi imetolewa, na alama haionekani kwa mwanachuo mpaka ifike ya mwisho. Itumieni hivi: wasahihishaji wote wasahihishe kwanza kazi tatu zilezile, na panapotofautiana kwa zaidi ya kiwango kimoja wazungumze hadi waelewane juu ya maana ya kigezo. Kisha kila mmoja agawiwe kazi zake ndani ya mfumo. Zikikamilika zihamishiwe kwenye hatua ya mapitio, kiongozi wa kozi asome za juu, za mpakani na zilizoanguka zote, ndipo zitolewe kwa pamoja. Udhaifu upo: katika matoleo ya 4 kila kazi ina nafasi ya alama moja tu, hivyo usahihishaji wa watu wawili wasioonana unalazimisha kuweka alama ya pili nje ya mfumo.

Kuficha majina kunafanya kazi vizuri, kwa masharti. Kuwekwe kabla ya kazi ya kwanza kuwasilishwa, kwa kuwa baada ya hapo mpangilio unafungwa. Kwa kawaida alama haziingii kwenye kitabu cha alama mpaka majina yafunuliwe, na yakishafunuliwa hayafichiki tena. Waambieni wanachuo wasiandike majina kwenye jina la faili. Hapo ndipo siri huvuja.

Kitabu cha alama ndicho kinachotuudhi zaidi. Kwa kawaida yake hakihesabu nafasi tupu. Mwanachuo aliyefanya zoezi moja kati ya matatu na kupata 90 anaiona jumla yake ni 90, anatulia, na anapokuja kushtuka muhula umekwisha. Tarehe ya mwisho ikipita, mhadhiri aweke 0 kwa asiyewasilisha. Kazi hii ni ya dakika chache, na ikisahaulika inaleta rufaa nyingi mno.

Shughuli ya kutathminiana wenyewe kwa wenyewe inawafaa walimu tarajali kuliko wanachuo wengine wowote, kwa sababu kusoma andalio la mwenzako kwa vigezo ni sehemu ya kazi yenyewe. Mfumo unatoa alama mbili, 80 za kazi na 20 za ubora wa tathmini uliyompa mwenzako, na mgawo huo unabadilishika. Inakwama pale mhadhiri anapogawa kazi kwa mkono mapema: wanaochelewa wanabaki bila msomaji. Chagueni ugawaji wa ratiba, na mfumo uhamie wenyewe kwenye awamu ya tathmini baada ya muda wa kuwasilisha kwisha.

Kwa video za masomo mafupi ya majaribio, msitegemee kinasa cha ndani ya kihariri, yaani kisanduku cha kuandikia. Kikomo chake cha awali ni sekunde 120, na somo la dakika kumi halienei. Video ikae kwenye hifadhi ya chuo yenye ruhusa, hasa wakionekana watoto, na mwanachuo abandike kiungo tu.

Kumbukumbu za matumizi zinaonyesha mibofyo. Zitafuteni ili kujua nani hajaingia wiki mbili, msizitumie kumpima mhadhiri.

Mwisho wa mwaka, chukueni nakala rudufu yenye data za wanachuo na kuihifadhi nje ya seva kabla ya kusafisha kozi, kwa sababu kusafisha kunafuta kazi zilizowasilishwa na rufaa zinaweza kuwa bado njiani. Mkiweka tarehe mpya ya kuanza wakati wa kusafisha, tarehe za mazoezi zinasogea kwa idadi ileile ya siku, kwa hiyo zipitieni moja moja: zipo zitakazoangukia likizo.