Miezi minne na polariskopu ya mezani: nilivyouona mkazo ndani ya bolti

Bolti za mashine yetu ya kusaga zilikatika mara tatu, zote palepale, kwenye uzi wa kwanza unaoshikana na nati. Kila fundi alilaumu chuma. Mimi nilitaka kuona mzigo unakalia wapi, nikanunua polariskopu ya mezani, chombo cha kuonyesha mkazo kwa mwanga, iliyokwisha kutumika.

Chombo chenyewe ni taa, vichujio viwili vya polaroidi vinavyopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, na katikati vibamba viwili vya robo-wimbi, vinavyoufanya mwanga huo uzunguke. Weka hapo kipande cha plastiki angavu kilichobanwa, michirizi ya rangi inajitokeza. Ikisongamana, ujue mkazo unabadilika ghafla mahali hapo. Mwanafizikia David Brewster aliliona jambo hili kwenye kioo zaidi ya miaka 200 iliyopita. Tatizo ni kwamba bolti ina unene, na mwanga ukiipenya hukuletea habari za tabaka zote kwa pamoja, zimechanganyika.

Kwa hiyo mkazo hugandishwa ndani ya plastiki, ili uweze kuikata vipande vyembamba na kuangalia kimoja kimoja. Nilitengeneza bolti na nati za epoksi, nikaning'iniza uzito, nikaziingiza kwenye oveni hadi nyuzi joto 125, kisha nikashusha joto nyuzi 3 tu kwa saa. Usiku mzima na mchana wake nilikuwa nachungulia kipimajoto. Pamoja nazo niliweka kisahani cha epoksi hiyohiyo chini ya mzigo ninaoujua, maana bila hicho huwezi kugeuza michirizi kuwa namba. Uzito ulipoondolewa, mkazo ulibaki ndani. Nikakata vipande vya milimita 2 kwa msumeno, polepole, nisivipashe moto.

Kipande cha katikati nilikizamisha kwenye mafuta yanayopinda mwanga sawa na epoksi, na mikwaruzo yote ya msumeno ikatoweka. Nilihesabu kwenye mizizi ya nyuzi, maana michirizi mingi ni mkazo mkubwa: uzi wa kwanza michirizi saba, wa tano miwili. Nilikaa kimya kidogo. Mhandisi Hetényi alichapisha uchunguzi wa bolti na nati kwa njia hii mwaka 1943, lakini kuhesabu kwa macho yako ni kitu kingine.

Kasoro zipo. Taa iliyokuja nacho ni nyeupe, ilhali vibamba vimetengenezewa mwanga wa manjano wa sodiamu, nanomita 589. Nililazimika kutafuta taa nyingine. Pia unapata tofauti tu ya mikazo mikuu, yaani mkazo mkubwa kabisa na mdogo kabisa mahali hapo, si kila mmoja peke yake. Na epoksi hunywa unyevu: vipande nilivyoviacha mezani wiki mbili viliota michirizi ya uongo kwenye kingo, nikarudia kazi yote. Siku hizi navipiga picha siku ileile ninayokata.

Kwa mwenye karakana na subira, nasema nunua. Sasa hivi nati ya pili iko kwenye oveni, niliyoichonga nyembamba upande wa mzigo ili uzi wa kwanza upate nafuu. Inapoa, nitaikata kesho jioni.