Wamenibadilishia sistimu chaji, kumbe tundu lilijaa pamba

Nilishaamua kuwapa mafundi wa duka hili la simu nyota moja kabla sijaanza kuandika, na huenda nikabaki hapo hapo. Simu ilikuwa inasumbua kuchaji: waya umelegea, ukiulaza upande mmoja inapokea, ukiuachia inakata. Majuzi ikafika mezani kwa fundi. Hakuuliza tatizo limeanza lini, hakujaribu waya wa pili, hakumulika hata tochi ndani ya tundu. Alichomeka waya wake mara moja, akauchomoa, akasema: "Sistimu chaji imekufa, tunabadilisha," yaani tundu zima la kuchajia. Nikamwomba amulike kwanza, maana waya haukuwa unazama mpaka mwisho. Jibu lake: "Bosi, unanifundisha kazi?"

Neno hilo halijanitoka moyoni, na hasira yangu imo katika yote yanayofuata.

Waya kutozama ndiyo dalili yenyewe! Tundu la USB-C lina ulimi mwembamba katikati, na waya mzima ukiingia unanasa kwa mlio mdogo unaousikia hadi kwenye vidole. Ukiona chuma kinabaki nje kuliko zamani, hata kama ni milimita 1, na mlio ule haupo, kuna kitu kimekaa chini. Mara nyingi ni nyuzinyuzi za mfukoni. Zinaingia kidogo kidogo, na kila unapochomeka waya unazishindilia, mpaka zinakuwa kama mkeka mgumu wa kijivu ambao mtu mwenye haraka atadhani ni sehemu ya tundu lenyewe.

Tundu lililokufa kweli linajieleza kwa namna nyingine. Ulimi umevunjika au unacheza. Vile vipande vya dhahabu vinavyopitisha umeme vimeungua, au vimeota kutu ya kijani kwa sababu simu ilichajiwa ikiwa na maji. Au waya unazama vizuri, unanasa, na bado hakuna kitu kwa waya 3 tofauti na vichwa 2 vya chaji. Kama simu inakubali chaji isiyo ya waya, iweke huko: ikipanda bila shida, betri huna haja ya kuilaumu. Vipimo vyote hivyo vinaisha ndani ya dakika 5, na hakuna hata kimoja kinachohitaji bisibisi.

Kusafisha nako si siri ya mafundi. Zima simu kabisa. Chukua kijiti cha meno cha mti, kichonge ncha iwe bapa kama patasi ndogo, kipitishe kati ya ulimi na ukuta wa tundu mpaka kiguse chini, kisha kokota uchafu kuja nje. Fanya upande wa juu, kisha wa chini. Usiutumie ulimi kama egemeo la kubanjulia, maana ndio unaovunjika. Sindano na pini hapana: chuma kinakwaruza dhahabu, na kinaweza kuunganisha njia za umeme zisizotakiwa kukutana. Kupuliza kwa mdomo ni kuongeza unyevu tu. Ukiona utando unaonata, tone moja la spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye brashi laini linatosha, halafu iache simu ikauke vizuri kabla ya kuichomeka. Ukimaliza, waya ukinasa kwa mlio, kazi imekwisha.

Fundi yeye akafungua simu.

Na hapa ndipo panaponiuma. Katika simu nyingi tundu la chaji halikai peke yake. Liko kwenye kibodi kidogo cha chini (bodi ndogo ya umeme, si kibodi cha kuandikia), pamoja na maikrofoni, na waya mwembamba wa antena unapita au kuishia hapo hapo. Kwa hiyo kubadilisha sistimu chaji ni kugusa sauti na mtandao pia. Simu ilirudi inachaji, sikatai. Ila mita ya USB, kifaa kidogo kinachopima umeme wa chaji, ilisoma 5 V na kama 1 A, yaani wati 5, wakati waya ule ule na kichwa kile kile vilikuwa vinatoa 9 V na 2 A, wati 18. Kibodi cha bei nafuu mara nyingi hakina vipande vinavyoruhusu simu na kichwa cha chaji kuelewana kuhusu chaji ya haraka, basi kichwa kinabaki kwenye 5 V, ambayo ni salama kwa kila kifaa cha USB. Betri ya 5000 mAh kwa wati 5 inakula zaidi ya saa 4.

Si hilo tu. Wapigiwa simu wakaanza kusema sauti inatoka kama mtu kafunikwa na ndoo: kile kimpira kinachoizunguka maikrofoni kilibaki kwenye kibodi cha zamani. Mtandao ukawa unashuka na kupanda, kwa sababu kichwa cha waya wa antena hakikubanwa mpaka kibofyeke. Mfuniko wa nyuma umeinuka kona moja, gundi ya zamani haikukwanguliwa na mpya haikuwekwa. Kasoro 4 kwenye simu iliyokuwa na pamba!

Siku niliyorudi, fundi yule yule aliniambia: "Ulivyoileta ilikuwa haichaji, sasa inachaji. Unataka nini tena?"

Ningeishia hapo ingekuwa nyota moja, na nisingeona haya. Lakini haki lazima isemwe. Dada aliyekaa meza ya pili alisikia, akasema, "Samahani kaka, kile kibodi cha zamani unacho?" Ninacho, kwa sababu nilikidai siku ile ile (kidai na wewe, kila mara, kabla simu haijafunguliwa). Akakimulika. Kwa kijiti akatoa bonge la nyuzi kubwa kama kichwa cha kiberiti, akaliweka kwenye karatasi nyeupe mbele ya mwenzake bila kusema neno. Akakisafisha kibodi kwa spiriti, akakiangalia kwa lenzi: vipande vyote vya dhahabu vizima, ulimi mzima.

Kazi yake ya kukirudisha kwenye simu niliitazama mwanzo hadi mwisho. Kila skrubu aliyoitoa aliipanga kwenye karatasi kwa mpangilio wa matundu yake, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi, na simu ikafa kwa kosa la fundi. Alirudisha kimpira cha maikrofoni, akabana antena mpaka ikabofyeka, akakwangua gundi yote, akaweka mpya, akafunga kwa vibanio. Kisha, na hili sijaliona kwa mafundi wengi, akaikagua simu nikiwa hapo hapo: mita ikasoma 9 V, kinasa sauti akarekodi na kunisikilizisha, spika, mtetemo, simu moja ya kupiga, na waya wa kompyuta kuona kama mafaili yanasomeka. Usitoke dukani kabla hayo yote hayajafanyika. Hela ya kibodi nikarudishiwa. Ya ufundi hapana.

Basi kwa mkono wa yule dada ni nyota 5. Duka lenye mtu kama yule haliwezi kuwa la nyota moja, hivyo nikaweka 3, na jana nilikuwa nimeridhika nazo.

Leo nimewaza upya. Simu hii ilikuwa imezibwa na kiwanda isiingize maji. Ikishafunguliwa, hata gundi mpya ikipakwa kwa ustadi, hakuna wa kunihakikishia kwamba itastahimili maji kama awali. Hilo halirudi kwa kibodi cha zamani wala kwa hela. Limepotea kwa sababu mtu mzima mwenye tochi mezani hakutaka kuiwasha, na alipoombwa kwa adabu aliona ametukanwa. Wala hajaomba radhi mpaka sasa.

Nyota 2, na zote mbili ni za meza ya pili. Kama hayupo siku nitakayorudi, naondoka na simu yangu.