Dari ya jipsamu ya kuzuia kelele: laki sita zangu na kinu cha juu

Nakaa Upanga, ghorofa ya pili, na juu yangu kuna mama anayetwanga kisamvu kila Jumamosi alfajiri. Kinu kikidunda, glasi zangu kabatini zinaitikia. Hapo sijataja viti vinavyoburutwa na wajukuu wanaokimbizana.

Fundi akaniambia dari ya pili ya jipsamu ndiyo dawa. Mwenye nyumba akaridhia, nikatoa laki sita na ushee kwa chumba cha kulala tu: fremu za bati, bodi za milimita 12, na pamba ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, juu yake. Siku tatu kazi imekwisha. Umaliziaji sina neno, maungio huyaoni. Vumbi sasa, mpaka leo nalikuta kwenye soksi. Na pangaboi limeshuka, nikivua fulana nainama kwanza.

Televisheni ya juu na maongezi yao siyasikii tena, labda wagombane. Hapo nampa fundi haki yake. Lakini kinu! Jumamosi ya kwanza nililala chali nikisubiri: du, du, du, kimepungua kiduchu tu. Nikachungulia kwenye tundu la taa, nikaona fremu imekazwa moja kwa moja kwenye zege, hata kipande cha mpira hamna. Maneno husafiri hewani, bodi na pamba vinayakwamisha. Kishindo kinapiga zege lenyewe, kinashuka na vyuma hadi kwenye bodi, kingine kinapita ukutani ambako dari haihusiki.

Ndipo nikapanda juu na sahani ya vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe huko chini mnasikia?"

Hakuwa na habari, masikini. Tukakata ndala kuukuu, tukagundisha vipande chini ya miguu ya viti sita. Kinu tukakiweka juu ya kipande kinene cha mpira na zulia lililokunjwa mara mbili. Vyote, na gundi, elfu kumi na tano Kariakoo. Sasa akitwanga ni kama mtu anapiga mto chumba cha pili.

Fundi nampa nyota tatu kati ya tano. Ukimwita wako, mwambie mapema: vining'inizio, vile vinavyoshika fremu kwenye zege, viwe na mpira, bodi ziwe mbili, na kingo zisigande ukutani, aache upenyo auzibe kwa silikoni. Ila anza na ndala. Sebuleni kwangu sijaweka dari, na siweki.